SOMO LA LEO: Kelele ya kuombea punguzo na kelele ya kukimbia

Leo naongea na nyie mnaouza mashine za mitumba mtandaoni, hasa zile za kukatia majani zinazojivuta zenyewe. Unabana kishikio, matairi yanatembea, wewe kazi yako ni kuongoza tu. Wenye loji, shule na makanisa wanazitafuta sana, na mvua zikianza simu hazikatiki.

Kwenye biashara hii faida kubwa iko kwenye mashine inayopiga kelele. Mwenye nayo anaogopa, fundi wake kamwambia injini imekufa, anaiuza bei ya kutupa. Unainunua, unabadilisha kitu kidogo, unauza. Lakini hasara kubwa nayo iko hapohapo, maana kelele nyingine ni ya injini kweli. Ukishatoa hela, ni yako.

Kwa hiyo lazima ujue kutofautisha. Huhitaji kuwa fundi, unahitaji utaratibu.

SWALI LA KWANZA SIO "KELELE GANI?" NI "KELELE INATOKEA LINI?"

Watu wanapoteza muda kubishana kama inagonga au inasaga. Kila mtu ana neno lake. Mimi nauliza inatokea lini, kwa sababu mashine hii ina sehemu tatu: matairi, injini pamoja na kisu chake, na mfumo unaopeleka nguvu ya injini kwenye matairi (mkanda na giaboksi). Ukijua kelele inaanza sehemu gani, umeshamaliza nusu ya kazi.

KABLA HUJAGUSA CHOCHOTE

Zima mashine, iache ipoe, chomoa waya wa plagi uuweke mbali na plagi. Hili halina mjadala. Kisu cha inchi 21 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda karibu kilomita 300 kwa saa. Hata injini ikiwa imezimwa, ukikizungusha kwa mkono na waya upo kwenye plagi, inaweza kushtuka na kuondoka na vidole.

Ukitaka kuilaza uangalie chini, punguza petroli kwanza, na upande wenye kabureta na chujio la hewa ukae juu. Ukikosea upande, oili inaingia kwenye chujio na unaanza tatizo jipya.

HATUA YA 1: Injini imezimwa, isukume

Isukume mbele taratibu. Ukisikia tik-tik-tik nyepesi, inayolingana pande zote mbili, usiogope. Nyingi zimetengenezwa hivyo, gia ndogo inateleza ili uweze kuisukuma kwa mkono. Ikigoma kurudi nyuma baada ya kutembea, isukume mbele kidogo kwanza iachie, halafu ndiyo uivute.

Ukisikia kukwaruza, au upande mmoja unalia na mwingine kimya, shika tairi ulitikise. Likicheza sana, bushi au beringi imekwisha. Likiwa limekaza, fungua nati, litoe, uangalie meno ya ndani. Mara nyingi utakuta mchanga na majani yaliyoshikana. Safisha, rudisha, jaribu tena. Kuna mashine nimeuza kwa bei kamili baada ya kazi ya brashi na mafuta ya taa tu.

HATUA YA 2: Injini inawaka, lakini HUJABANA kishikio cha kutembea

Rudisha waya wa plagi, washa. Mashine imesimama, matairi hayafanyi kazi. Kelele utakayosikia sasa ni ya injini au kisu, haihusiani na matairi hata mwenye mashine aape.

• Bati linachacharika: tafuta boliti iliyolegea. Angalia egzosi, kifuniko cha injini, mpini. Bei ndogo.

• Mlio unapanda na kushuka wenyewe, vuuum-vuuum: mara nyingi ni kabureta chafu, petroli iliyokaa muda mrefu, au injini inavuta hewa pasipotakiwa. Inarekebishika.

• Inakwaruza juu, pale kwenye kamba ya kuwashia: angalia kamba na vidole vyake vya kunasia, au kijiti kilichonasa kwenye feni. Bei ndogo.

• Inapiga risasi kwenye egzosi, na ukivuta kamba inakunyang'anya mkono: uliza kama iligonga jiwe au kisiki. Kuna kipande kidogo cha chuma kinachoshika flaiwili mahali pake. Kisu kikigonga kitu kigumu kipande hicho kinaweza kukatika na majira ya moto yakahama. Kipande chenyewe ni rahisi, ila kisu kilicholegea nacho huleta dalili hizohizo, kwa hiyo anza kukaza kisu.

• Mpini unatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi: kisu kimepinda, hakina uzito sawa pande mbili, au shafti ya injini imepinda. Hapa ndipo pa kuwa makini, nitaeleza chini.

• Kugonga kuzito ndani, ko-ko-ko, kunakokwenda kwa mwendo wa injini: zima. Chomoa kijiti cha oili. Ikiwa chini sana, au ina chembe zinazong'aa kama unga wa chuma, injini imejila. Achana nayo, labda ununue kwa bei ya spea.

Ukiwa hapahapa, achia kishikio cha kuwashia uhesabu. Marekani tangu mwaka 1982 kanuni inataka kisu cha mashine za aina hii kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya kuachia. Kikiendelea kuzunguka muda mrefu, breki yake ina shida, na usimuuzie mtu kabla hujaitengeneza.

HATUA YA 3: Sasa bana kishikio, itembee

Ifanye itembee chini, kwenye majani. Usiinyanyue matairi huku inawaka eti usikilize vizuri, kisu kinazunguka pale chini.

• Inapiga kelele kali kama filimbi, labda na harufu ya mpira: mkanda umekwisha, umelegea au umelowa oili. Angalia na kebo ya kishikio.

• Inaruka, ka-ka-ka, inatembea kidogo inakwama, na kwenye mlima inazidi: meno ya gia ndogo au ya ndani ya tairi yamelika.

• Inasaga au inalia kwa mfululizo katikati ya matairi, ukiachia inanyamaza: giaboksi. Hapa pima bei ya spea kabla hujatoa hata shilingi, maana giaboksi ya modeli nyingine haipatikani kabisa.

MASHINE MBILI, TANGAZO MOJA

Wiki moja niliona matangazo mawili, moja Tegeta na moja Mbagala. Yote yaliandikwa "inapiga kelele ikitembea, bei poa". Kwa kusoma tu, ni mashine moja. Nikawaomba wote wawili video tatu, kila moja sekunde 20: ikisukumwa imezimwa, ikiwaka imesimama, na ikitembea. Nikasisitiza injini iwe baridi na bila muziki. Baridi, kwa sababu iliyowashwa kabla hujafika inaficha shida ya kuwaka.

Ya Tegeta injini ilikuwa tulivu kabisa. Kelele ilianza pale tu alipobana kishikio, ka-ka-ka, na tairi la kulia linateleza. Gia. Nikanunua 220,000, gia na fundi 45,000, nikauza 400,000.

Ya Mbagala kelele ilikuwepo video ya pili, mashine imesimama. Mwenye nayo akasema, "Kaka, ni matairi tu hayo." Nikaenda kuiona, maana bei ilikuwa 150,000 na kwa macho ilikuwa nzuri kuliko ile nyingine. Tukachomoa waya wa plagi, tukailaza, yeye akashika kishikio cha kuwashia ili breki iachie, mimi na glovu nzito nikazungusha kisu taratibu. Ncha moja ilipita karibu na ukingo wa bodi, nyingine ilipita mbali. Hiyo peke yake haitoshi, inaweza kuwa kisu tu, na kisu kinanunulika. Tukafungua kisu, nikamwomba avute kamba polepole huku naangalia mwisho wa shafti. Ulikuwa unayumba.

Shafti ikipinda hainyooshwi. Watengenezaji wa injini wanasema ibadilishwe, na kuibadilisha ni kufungua injini nzima. Nikamshukuru, nikamwonyesha na yeye alivyo, nikaondoka. Nilipoteza nauli na saa tatu, laki na nusu ikabaki mfukoni.

UKIUZA, IANDIKE KELELE KWENYE TANGAZO

Wengi mnaogopa hapa. Mnaweka muziki kwenye video ili injini isisikike. Mteja wa mtandaoni siku hizi akisikia muziki juu ya injini anapita. Rekodi hatua zilezile tatu, simu ikae hatua mbili toka kwenye mashine, halafu andika hivi:

"Inawaka mvuto wa kwanza au wa pili. Gia za matairi ya nyuma zimebadilishwa, mpya. Ukiisukuma imezimwa utasikia tik-tik, ni kawaida yake. Egzosi ina kutu lakini haijatoboka. Video sijaongeza sauti yoyote."

Ona hilo la tik-tik. Usipolisema wewe, mteja ataligundua kwake na atakuona tapeli kwa kitu ambacho hata sio ubovu.

MTEJA AKIPIGA SIMU BAADA YA KUPOKEA

Nilituma mashine Moshi kwa basi kwa mama mmoja mwenye gesti. Kesho yake asubuhi: "Mwanangu, hii mashine inagonga, na inatoa moshi mweupe. Nirudishie hela yangu."

Nikamjibu: "Shikamoo mama. Pole kwa usumbufu. Izime kwanza, halafu nisaidie maswali matatu. Inagonga hata ikiwa imesimama? Wakati inashushwa ilikuwa imelazwa? Ukishika mpini kwa nguvu, kelele inapungua?"

"Marahaba. Ndiyo, hata imesimama. Vijana waliilaza chini ya mizigo. Nikishika mpini inapungua."

Basi. Mpini ulilegea njiani, na mashine ikilazwa oili inaingia pasipotakiwa na kuungua kama moshi. Nikamwambia kijana wake akaze boliti nne za mpini, aangalie oili iko kwenye alama na chujio la hewa halijalowa, halafu awashe aiache dakika chache. Ikiwa kamba ingegoma kuvutika, asilazimishe, anipigie. Baada ya nusu saa akanitumia video, imetulia, na moshi umeisha. Siku hizi namwaga petroli kabla ya kutuma na naandika kwa maka peni kubwa USILAZE.

Mngebishana na huyo mama kwamba "ilitoka kwangu nzima", hela ingerudi, na nauli ya basi mara mbili juu yako. Maswali matatu yalitosha.

KWA KIFUPI

Imezimwa: matairi. Inawaka imesimama: injini na kisu. Ikitembea tu: mkanda, gia, giaboksi. Boliti, mkanda, gia na uchafu ni vya kuombea punguzo. Shafti iliyopinda, oili yenye unga wa chuma na giaboksi isiyo na spea ni vya kukimbia.

Hifadhi posti hii, mtumie na mwenzako anayeuza mashine. Kama una mashine inayokusumbua, andika kwenye komenti: kelele inatokea lini, hatua ya 1, ya 2 au ya 3? Usiandike "inapiga kelele tu", nitakuuliza swali hilohilo.