Kipimo cha Dawa ya Maumivu Baada ya Kung'oa Gego

Jabir (r.a.) amepokea, katika Sahih Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba kila ugonjwa una dawa yake, na dawa ikiupata ugonjwa sawasawa mtu hupona kwa idhini ya Allah. Wengi wetu tunaishia nusu ya kwanza. Ibn al-Qayyim (aliyefariki 751 Hijria) aliishika nusu ya pili katika Zad al-Ma'ad: dawa ikizidi kiasi humhamishia mgonjwa kwenye maradhi mengine, na ikipungua haiuwezi ugonjwa.

Tuchukue mfano wa rika letu: gego la mwisho, ambalo huota baina ya miaka 17 na 25. Likikaa upande hung'olewa, pengine kwa kukata ufizi, na ganzi huisha baada ya saa chache. Hapo utamsikia mmoja hosteli akisema maumivu hufuta madhambi, basi hamezi kitu. Ni kweli hufuta, lakini thawabu hizo hazibatiliki kwa tembe mbili, na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Mwingine anameza Panadol 4 kwa mpigo ili alale. Huyu ndiye aliye hatarini zaidi.

Kwa mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi, parasetamoli ya miligramu 500 ni tembe 2 kila baada ya saa 6, zisizidi 8 kwa saa 24. Ikizidi huharibu ini, tena kimyakimya: siku ya kwanza unaweza usihisi chochote. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani, kwa hiyo zihesabu. Ibuprofeni ni miligramu 400 kila baada ya saa 6 hadi 8, baada ya chakula, isizidi 1,200 kwa siku bila agizo la daktari. Utafiti uliofanywa kwa waliong'olewa gego hili hili umeonyesha ibuprofeni hutuliza kuliko parasetamoli, na zote mbili pamoja kuliko moja peke yake. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu, maradhi ya figo au mimba asiiguse kabla ya kumuuliza daktari. Aspirini iache, huongeza kutoka damu. Dozi ya kwanza imezwe kabla ganzi haijaisha.

Tramadoli hulewesha na hujenga uraibu. Kanuni ya fiqhi ni kuwa dharura hukadiriwa kwa kiasi chake, basi anayetulizwa na hizo mbili hana udhuru wa kuitafuta.

Na Ramadhani je? Hapa karibu na Ikweta saumu ni zaidi ya saa 13, ilhali dozi moja hufanya kazi saa 4 hadi 6. Kurundika tembe wakati wa daku hakurefushi nafuu. Kama ung'oaji unaweza kusubiri, usubiri Shawwal. Kama hauwezi na maumivu ni makali, aya ya 185 ya Al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Ruhusa hiyo ni ya Allah, usiione haya.

Maumivu yakizidi siku ya 3 au ya 4 badala ya kupungua, na kinywa kikanuka, usiongeze dozi: huenda damu iliyoganda imetoka kwenye shimo la jino. Rudi kwa daktari wa meno.