Maini ya Mutu Anayemeza Dawa za Kifua Kikuu



Pengine wewe mwenyewe umeanza kumeza dawa za kifua kikuu (TB), ao ni bwana yako, ao mutoto. Muuguzi amekuambia kwamba mutu mukubwa anazimeza kila siku kwa miezi 6. Wamama wengi wakisikia hivi wanauliza: «Dawa ya siku nyingi hivi, haitaharibu ndani ya mwili?» Ulizo hilo ni zuri, na linaomba jibu la kweli. Mama asiyepata jibu anaacha dawa kimya kimya, na hapo hatari inaanza.

Tuangalie kwanza maini. Ukichinja kuku unayaona: yale makubwa ya rangi nyekundu-nyeusi, na kifuko cha nyongo pembeni. Kwa mutu yako upande wa kuume, chini ya mbavu. Chakula na dawa unavyomeza vinashuka ndani ya tumbo, kisha damu inavipeleka kwanza ku maini. Maini yanavunja-vunja dawa nyingi ili zitoke kwa njia ya mukojo na choo. Ni kama mama anayepepeta muchele: anaweka kilicho kizuri, anatupa kingine. Hata wanyama wako hivyo, lakini si maini yote yenye nguvu moja. Paka hana uwezo wa kuvunja paracetamol, na kipande kidogo cha kinini kinaweza kumuua. (Kwa hiyo paka wa nyumbani akiugua, usimupe dawa ya watu.)

Sasa, miezi 2 ya kwanza mugonjwa anameza dawa 4: rifampicine, isoniazide, pyrazinamide na ethambutol. Tatu za kwanza zinayatia maini kazi nzito. Wagonjwa walio wengi wanamaliza bila shida. Wachache maini yao yanachoka na kuvimba, na mara nyingi inatokea katika miezi ya kwanza. Hao wakionekana mapema, wengi wanapona vizuri.

Hapa wamama wengi wanachanganya mambo mawili, basi usome polepole. Rifampicine inageuza mukojo kuwa mwekundu kama maji ya machungwa, hata jasho na machozi. Hiyo ni rangi ya dawa tu, si damu. Usiogope.

Alama za maini kuchoka ni zingine. Mukojo unakuwa mweusi-mweusi kama chai kali. Weupe wa macho unakuwa manjano. Mugonjwa anakataa chakula, roho inachafuka, anatapika, anasikia maumivu chini ya mbavu za kuume, anachoka sana bila kazi. Wengine mwili unawasha, na choo kinakuwa cheupe kama udongo. Macho ndiyo yanasema vizuri zaidi. Umupeleke inje wakati wa muchana, maana mwangaza wa taa unadanganya, uvute kope ya chini, uangalie pale peupe. Kwa mutoto mwenye ngozi nyeusi usitafute manjano ku ngozi, hutaiona upesi. Angalia macho.

Ukiona macho ya manjano, ao kutapika kusikoisha, mugonjwa asimeze dawa tena mbele ya kuonekana na muuguzi, na mumulete siku ile ile. Msingoje siku ya kliniki. Akianza kusinzia ovyo ao kusema maneno yasiyoeleweka, ni hatari kubwa, hata usiku mumubebe. Ku hospitali watasimamisha dawa, watapima damu, na maini yakipona watazirudisha pole pole, mara nyingi moja moja, mpaka wajue ni gani iliyoleta shida.

Lakini kama hakuna alama hizo, usiache! Nasikia watu wakisema: «Nimeacha wiki mbili ili maini yapumzike.» Hapana. Kikohozi kinaisha mapema, lakini vijidudu vingine vingali vimejificha ndani ya mapafu. Ukiacha katikati vinaweza kuzoea dawa, na matunzo ya ugonjwa ule wa pili ni magumu kuliko ya kwanza. Hata miezi 6 ni kidogo: mbele ya rifampicine watu walimeza dawa mwaka mmoja na nusu.

Kazi yako mama ni kuyapunguzia maini muzigo. Pombe kwanza: lotoko, kasiksi, bia, yote inapita ku maini. Kwa miezi ile yote isiguswe, hata ku matanga. Kisha dawa za miti. Bibi anakupenda, anakuletea chupa ya majani machungu, na hatukatai heshima yake. Lakini hakuna anayejua ni kiasi gani ndani ya chupa ile, na iko miti inayoua maini. Umwambie kwa upole: «Bibi, tutamaliza kwanza za hospitali.» Usimutie mutoto dawa za miti kwa mupira pia.

Homa ikija, vinini vya soko vinaleta hatari. Paracetamol ni dawa nzuri kwa kipimo chake. Mutoto wa kilo 10 anapewa robo ya kinini cha 500, si zaidi ya mara 4 kwa siku na usiku. Kuongeza hakufukuzi homa upesi, kunaumiza maini. Na karanga ao mahindi yenye ukungu, utupe. Sumu yake inaharibu maini, na kupika hakuimalizi.

Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Muuguzi akikupa vitamini B6, umeze: isoniazide inaipunguza mwilini, na hapo miguu inawaka moto.

Linabaki jambo moja ambalo wamama wanaona haya kuuliza. Rifampicine inayaamsha maini, yanafanya kazi kwa mwendo wa haraka, na yanavunja dawa ya vinini vya kupanga uzazi mbele haijafanya kazi yake. Hivyo mama anaweza kumeza kila siku bila kusahau, na kushika mimba. Vile vijiti vinavyotiwa mukononi pia vinapoteza nguvu. Sindano ya miezi 3 inaendelea kufanya kazi vizuri, vilevile kitanzi cha ndani na kondomu. Siku unapopewa kadi ya TB, mwambie muuguzi unatumia njia gani, mbele ya kuondoka na dawa zako.