SOMO LA UNIX: NAMNA YA KUPATA MISTARI MINGI KWENYE KIOO

Mwenye kutumika na mashini ya zamani yenye FreeBSD anajua shida hii: unatoa amri, maneno yanapita mbio mbio, na neno la kwanza la kosa, ndilo lenye maana, limekwisha kupotea kule juu. Unabaki kusoma matokeo pasipo kujua chanzo. Leo tujifunze kuongeza mistari.

1. Tuhesabu kwanza

Kadi ya VGA, iliyotolewa na IBM katika mwaka 1987, inaandika kwa desturi mistari 25, na kila mustari una fasi 80 za herufi. Toka juu mpaka chini kioo kina nukta 400, na kila herufi inakula nukta 16. Basi 400 : 16 = 25. Tukileta herufi yenye kimo cha nukta 8 tu, 400 : 8 = 50. Hesabu ni ile tu! Kioo hakikui, ni herufi inayopunguka.

Kuna tena namna ya nukta 480. Pale 480 : 16 = 30. Unapata mistari 5 ya kuongeza, na herufi inapunguka kidogo tu.

2. Kujaribu

Finya Alt na F2 pamoja. Sasa uko kwenye kioo cha pili. Ingia na jina lako. Kila kioo kinashika namna yake, kwa hiyo ukikosea kwenye cha pili, cha kwanza kinabaki salama. Andika:

vidcontrol -f 8x8 /usr/share/syscons/fonts/cp850-8x8.fnt
vidcontrol 80x50

Amri ya kwanza inaleta herufi ndogo. Ukiisahau, ya pili inaweza kukataa. Kwa 80x30 unaleta herufi za 8x16. Kwa kurudi ku namna ya zamani: vidcontrol 80x25.

Mwenye kutaka mistari mirefu ya herufi 132, mukubwa wa mashini (root) aandike kwanza kldload vesa. Kisha amri vidcontrol -i mode itaonyesha namna zote ambazo kadi inakubali. Kioo kikiwa giza, usiogope, na usizime mashini kwa nguvu. Andika vidcontrol 80x25 hata kama huoni kitu, ao urudi kwa Alt na F1.

3. Kuiweka siku zote

Nyuma ya kujaribu, si mbele, root anaongeza katika /etc/rc.conf:

font8x8="cp850-8x8"
allscreens_flags="80x50"

Toka siku ile, kila mashini inapowaka, vioo vyote vitakuwa na mistari 50.

4. Maangalisho

Amri hizi ni za programu ya zamani ya kioo, inayoitwa syscons. Tangu FreeBSD 11.0 (mwaka 2016), programu ya desturi ni vt, na ile haibadilishi namna hizi.

Kama ulitaka tu kuona maneno yaliyopita, finya Scroll Lock, kisha panda kwa mishale. Pengine hauna lazima ya kubadilisha kitu.

Neno la mwisho, ndugu zangu. Mashini ya darasa si ya mutu mumoja. Mistari 50 inakufurahisha wewe mwenye macho makali, lakini mwenzako mwenye macho mazaifu atakaa mbele ya kioo na hatasoma kitu, na pengine atapata haya ya kusema. Basi umuulize kwanza. Ukitaka herufi ndogo, uziweke kwenye kioo chako tu, na rc.conf uiache vile iko.

Maulizo: (a) Nukta 480 na herufi ya nukta 8 zinatoa mistari mingapi? (b) Kwa sababu gani tunajaribu kwanza kwenye kioo cha pili?