Mapipa 45 ya Hewa kwa Lita Moja ya Petroli

Mbona pikipiki yangu inakunywa petroli sana siku hizi?

Huenda inakosa hewa. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Yaani lita moja ya petroli hutaka kama lita 9,000 za hewa: mapipa 45 makubwa, yale ya lita 200. Hewa yote hiyo hupitia filta ndogo tu. Mwenye bodaboda anayeshinda kwenye barabara za vumbi za Kinango akiifungua, ataikuta sponji imegeuka nyekundu kwa udongo. Hapo petroli huzidi hewa, na ile isiyoungua hutoka kwenye sailensa pamoja na moshi mweusi.

Basi niitoe filta kabisa?

Usiitoe. Vumbi litakwangua ringi na silinda, na injini itaanza kula oili. Osha sponji kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ianike kivulini mpaka ikauke kabisa, itie oili kidogo, ikamue, irudishe. Filta ya karatasi haioshwi, hubadilishwa.

Nitajuaje mchanganyiko uko sawa?

Injini ikishapoa, fungua plagi. Ncha yenye rangi ya chai ya maziwa ni njema. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, hewa imezidi, na ukiupanda mlima wa kwenda Kwale mjini na abiria na gunia la nazi, injini itachemka. Fundi aisome plagi kwanza, ndipo ashike bisbisi. Nimeona skrubu za kabureta zikizungushwa asubuhi nzima, kumbe ni uchafu kwenye jeti. Nayo jeti hupulizwa kwa hewa, haichokorwi kwa waya: tundu likipanuka kidogo tu, petroli itazidi siku zote.

Na sumaku za kufunga kwenye mpira wa petroli?

Weka pesa zako. Petroli haivutwi na sumaku.

Jenereta ya dukani je?

Hiyo inanitia hofu zaidi. Petroli ikizidi hewa, injini hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Umeme ukikatika Diani au Msambweni, jenereta ikae nje, mbali na madirisha. Kuiwasha ndani na kuacha mlango wazi hakutoshi.