Bili ya Hospitali Huanzia Kwenye Tuktuk: Somo la Uchumi wa Afya

Saa tano usiku, mtoto amepandwa na homa kali huko Mtongwe, Likoni. Unashika simu kuangalia salio: shilingi 640. Kliniki inataka pesa, dawa zinataka pesa, na tuktuk nayo haikopeshi. Kuna watu kazi yao ni kuisoma hali kama hii, na walichogundua kinaweza kukusaidia.

Mtafiti mwenyewe ni nani?

Profesa Edwine Barasa alianza kama mfamasia, kisha akasomea uchumi wa afya hadi uzamifu katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Anafanya kazi na mpango wa utafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, ule wenye makao yake hapo Kilifi. Aliwahi kuchunguza hospitali za umma za Pwani yetu: pesa zikiwa chache, nani huamua ziende wapi? Aliona kwamba wakubwa wa hospitali walisikika zaidi kuliko wauguzi na wananchi.

Swali lake lingine linatuhusu moja kwa moja: bili ikifika wapi, familia inaumia?

Piga hesabu yako

Watafiti hutoa pesa ya chakula kwanza. Matibabu yakila asilimia 40 ya kinachobaki, hiyo wanaiita gharama ya maafa.

Tuseme nyumba yako hutumia 20,000 kwa mwezi, chakula kikiwa 12,000. Zinabaki 8,000. Asilimia 40 yake ni 3,200. Bili ya 3,200 tu, na kodi au karo inaanza kuyumba.

Mwaka 2017, Barasa na wenzake walichapisha hesabu za Kenya nzima. Familia zilizofikwa na gharama hiyo zilikuwa kama asilimia 4.5. Walipoongeza nauli, zikapanda hadi karibu 6.6. Nauli si mchezo!

Simu inasaidia wapi?

Mwaka 2014, wachumi William Jack na Tavneet Suri walionyesha kwamba familia zisizotumia M-Pesa zilipopata pigo kama ugonjwa, matumizi yao yalishuka kwa takriban asilimia 7. Waliokuwa wakiitumia hawakushuka hivyo, kwa sababu ndugu na marafiki wa mbali waliweza kuwatumia pesa haraka.

Fanya haya wiki hii

1. Tafuta kiwango chako kama tulivyofanya hapo juu. Hilo ndilo lengo lako la kwanza la akiba.
2. Weka akiba hiyo kando na pesa ya matumizi, hata 50 kwa siku. Kwa siku 64 umefika 3,200.
3. Tenga nauli ya usiku ndani yake, kwenda na kurudi.
4. Kubaliana mapema na watu wawili watatu mtakaotumiana pesa mtu akiugua. Zamu yako ikifika, nawe tuma.
5. Jisajili SHA kwa kupiga *147# na ulipe mchango wako kabla ya kuugua.

Na ukipigiwa simu eti "mgonjwa wako yuko hapa, tuma pesa sasa hivi", kata, kisha mpigie mgonjwa au jamaa yake kwa namba unayoijua. Namba yako ya siri usimpe mtu, hata akisema ni daktari.

Haya, toa kalamu. Kiwango chako wewe ni shilingi ngapi?