Mtoto naye asikilizwe

Ndugu Waislamu, katika nyumba zetu nyingi mtoto akiuliza swali huambiwa, "Nyamaza, wakubwa wanazungumza." Kesho tunashangaa anaposhindwa kujieleza darasani.

Katika Hadithi ya Sahl bin Sa'd (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliletewa kinywaji. Kulia kwake alikaa kijana mdogo, kushoto wazee. Akamwomba kijana ruhusa awaanzie wazee. Kijana akakataa, hakuwa tayari kumwachia yeyote fungu lake litokalo kwa Mtume. Hakukemewa, alipewa.

Tuanzie hapo. Wakati wa chakula cha usiku, mwulize mwanao amejifunza nini madrasa, kisha umsikilize. Akichora ukutani kwa mkaa, mpe karatasi, usikimbilie bakora. Adabu si woga.