Bei ya Mboni ya Jicho

Mwishoni mwa Julai mwaka 2023 watu wengi walipanga foleni jijini Nairobi, penye jumba la mikutano la KICC. Hawakuja kuomba kazi wala kupokea chakula cha msaada. Walikuja kutazama ndani ya mashine ya mviringo, ing'aayo kama fedha, ili ipige picha mboni za macho yao. Mradi huo, Worldcoin, ulioasisiwa na Mmarekani Sam Altman na wenzake, uliahidi kumpa kila mmoja sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi za Kenya. Tarehe 2 Agosti serikali iliusimamisha.

Wako waliowacheka watu wale. Sisi hatuwacheki, maana mwenye njaa hana miiko. Lakini yatupasa kuuliza: pale kiliuzwa kitu gani?

Neno la siri likiibwa, hubadilishwa. Kitambulisho kikipotea, hutolewa kingine. Mboni ya jicho haibadilishwi. Mashine hugeuza picha yake kuwa mfululizo wa tarakimu, na kwa tarakimu hizo mtu mmoja aweza kutambuliwa kati ya mamilioni. Auzaye ng'ombe hubaki yeye mwenyewe, na kesho aweza kununua mwingine. Atoaye alama ya mwili wake ametoa ufunguo wa mlango ambao kitasa chake hakibadilishwi kamwe. Maji yakimwagika hayazoleki.

Watu watasema: "Lakini walikubali wenyewe!" Hapo ndipo penye kiini cha somo letu. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka ridhaa iwe ya hiari, na mtoaji awe ameelezwa jambo lenyewe. Taasisi ya Katiba Institute ilipeleka shauri mahakamani, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba ridhaa ile ilipatikana kwa kishawishi cha fedha, tena athari za kazi hiyo hazikupimwa kwanza kama sheria inavyoagiza. Ikaamuru alama zile zifutwe katika siku 7, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data. Basi, ridhaa iliyonunuliwa kwa shida ya mtu si ridhaa.

Tusidhani kwamba jambo hili lilikuwa la foleni ile tu. Biashara ya namna hiyo hufanyika kila siku, kimya kimya, mkononi mwetu. Ziko programu za mikopo ya simu ambazo, kabla ya kutoa shilingi moja, huomba ruhusa ya kusoma majina na namba zote zilizomo katika simu. Mkopaji akichelewa kulipa, hupigiwa simu mkwe wake, jirani yake na mwajiri wake, aibishwe. Mwaka 2023 Kamishna wa Kenya aliitoza faini kampuni moja kwa kosa la namna hii. Na hapa yafaa tujihoji sisi pia. Namba ya jirani alitupa kwa kutuamini. Si mali yetu, wala hatuwezi kuiweka rehani kwa deni letu.

Kenya ina sheria yake, na Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 2022. Lakini sheria haimfai asiyejua kwamba ana haki. Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza neno "nakubali", na tujiulize mambo matatu. Je, wataka nini hasa? Je, kazi yao yakihitaji kweli? Je, nikighairi kesho, nitaweza kukirudisha? Jibu la tatu likiwa hapana, tusikitoe kwa haraka, hata tukionyeshwa fedha. Na wazazi wawafundishe watoto wao jambo hili mapema, kama wanavyowafundisha kufunga mlango wa nyumba usiku.